Mkwe Alale Wapi

Pale Nkwenda, wilayani Kyerwa, Atwine alikuwa akijisifu kwamba siri ikiingia kwake imeingia kwenye mtungi usio na mdomo: kutoka haitoki. Alikuwa akiyasema hayo vibarazani, mbele ya watu wasiomwuliza, na kila mara alitoa mfano wa siri fulani aliyowahi kuitunza, akiisimulia yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka huo mama yake, Kokuberwa, alikuwa kwenye msafara wa mahujaji wa parokia waliokuwa wakienda Roma baada ya Pasaka. Katekista Polikarpi, kiongozi wa msafara, alikwisha kutangaza kwamba kutakuwa na mapumziko kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na mwenye ndugu yake Italia aende akamsalimie. Kokuberwa alikuwa na zaidi ya ndugu. Binti yake Katusiime ameolewa huko na Mwitaliano, Matteo, katika mji wa kale uitwao Lucca, safari ya treni kutoka Roma. Alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana aliyeanza kukaa, ambaye bibi yake alimjua kwa simu tu, na mara nyingi alionyeshwa paji la uso.

Atwine akajiteua kuwa mpangaji wa mapumziko. Yeye mwenyewe hajavuka Bukoba, lakini akishika simu alikuwa akiizungumzia Lucca kama mtu aliyesahau koti lake huko. Mama akimenya ndizi uani, yeye alichutama pembeni na picha zake. Ijumaa ni kufika na kulala. Jumamosi watatembea juu ya ukuta unaouzunguka mji, ukuta mnene hata ng'ombe wanaweza kupita wakiongea. Halafu kuna mnara wenye miti iliyoota kileleni.

Mama aliitazama ile miti kwa muda. Akauliza ni nani anayepandisha maji.

Jumapili baada ya misa watakaa uwanjani, wanywe kahawa kwa vikombe vidogo. Mama akasema hatasafiri mbali kiasi hicho kwenda kuuziwa kahawa aliyoianika yeye mwenyewe. Na Jumatatu je? Jumatatu, Atwine akasema, hakuna kitu.

"Hakuna kitu vipi?"

"Unakaa tu, mama. Ndiyo mapumziko yenyewe."

Kisu kikasimama kwenye ndizi. Mama alimtazama kama anayetajiwa ugonjwa usiosikika kwao.

Mipango ilienda vizuri hadi hapo, ila kila Atwine alipofika kwenye suala la kulala, mama alipata jambo. Mara alisema ng'ombe wake mwekundu yu karibu kuzaa, hawezi kukaa mbali siku nyingi hivyo. Ng'ombe alikwisha kuzaa, na ndama alikuwa hapo hapo akilamba shati la Atwine. Mara akasema afadhali abaki Roma na wenzake, kwani lazima mtu alinde mabegi.

"Mama, Roma nzima imekosa walinzi mpaka waje kukutoa Kyerwa?"

Hakucheka, na mama yule alikuwa mtu wa kucheka. Akaweka kisu chini, akauliza nyumba ya Katusiime ina vyumba vingapi. Viwili na sebule. Na milango ya kutokea nje? Mmoja.

"Na Matteo analala humo humo," mama akasema.

Hapo mzaha ukamkauka Atwine kinywani. Kwa Wanyambo, mama wa binti na mkwewe huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, sembuse kulala chini ya paa moja. Matteo hakuwa mgeni kwao. Aliwahi kufanya kazi ya mabomba ya maji Kihanga, akajifunza Kiswahili na Katusiime kwa wakati mmoja, na cha pili ndicho alichokishika vizuri. Siku alizokuja nyumbani kuposa, mama alikuwa akimwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna juu ya kigoda, kisha anatokea mlango wa jikoni. Mkwe alisikia majani makavu ya migomba yakikwaruza, halafu salamu kutoka migombani. Katusiime aliamini kwamba mambo hayo yaliishia uwanja wa ndege. Mama yake hakuamini hivyo.

"Siwezi kumtoa mtu nyumbani kwake," mama alisema. "Na pale sitalala. Nitaendelea kumwona mtoto kwenye simu. Usimwambie dada yako, usimwambie mkwe, akaona tunamfukuza. Usimwambie mtu."

Atwine akaapa. Mama akaingia ndani, na kupitia dirishani Atwine alimwona akilifungua begi la safari. Juu kabisa palikuwa na mbeleko mpya, kitenge cha maua ya njano alichokichagua Nkwenda kwa kugeuzageuza duka zima. Aliitoa, akaikunjua, akaikunja tena ndogo zaidi, akairudisha kabatini.

Mtungi ukapata ufa.

Simu yake ilikuwa imekwisha chaji kwa picha za Lucca, basi akaenda dukani kwa Umutesi, anakochajisha, akaazima ya kwake. Alipompata Matteo alianza kwa kuzunguka. Akauliza hali ya hewa. Akauliza treni. Akauliza kama ile miti ya mnarani inatoa matunda. Halafu yote yakamtoka kwa mkupuo mmoja, paa, mlango, mabegi ya Roma, hata mbeleko. Umutesi alikuwa akipima sukari, na kijiko kimoja kikamchukua muda wote huo.

Upande wa pili Matteo akauliza taratibu, "Kwa hiyo mama hanichukii?"

Kumbe miaka yote hiyo, kila mlango wa jikoni ulipofungwa, alidhani unafungwa kwa sababu yake.

"Anakuheshimu mpaka anakukimbia," Atwine akamwambia. Matteo alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na maji ndani.

Jumapili iliyofuata Katusiime akampigia mama. Bahati mbaya, alisema, siku zile Matteo hatakuwepo, anakwenda kulala kwa mama yake kumsaidia kupogoa mizeituni. Nyumbani watakuwa wanawake watupu. Mama akamrudisha nyuma aseme tena. Alipokata simu, akamgeukia mwanawe.

"Umesema."

"Mimi? Mama, mimi ni mtungi." Akaongeza kwamba mizeituni hupogolewa wakati huo, dunia nzima inajua.

Mama aliingia ndani akatoka na mbeleko begani, kana kwamba mtoto yuko tayari mgongoni. Akaketi, akaitandaza mapajani, akauliza habari za ile siku isiyo na kitu. Je, ule mnara ukiachwa na miti yake, siku hiyo haiwezi kuwa mbili? Atwine akasema inawezekana. Na ikiwa tatu? Akasema hata tatu, ila misa wasiikose.

Walikuwa kwenye furaha hiyo Umutesi alipotokeza kwenye njia ya mibuni, ameinua simu mbele yake kama anayebeba sufuria ya moto. Akampa mama shikamoo, akaitikiwa, akakaribishwa, akasema hakai.

"Atwine, mkwe wenu amepiga tena kwangu. Amesahau kukuuliza. Viatu vyake vya shambani viko pale nyumbani. Akija mchana kuvichukua na mama yupo, aishie mlangoni, au hata ngazi asizipande?"

Ndama akalia. Atwine akapata hamu ya ghafla ya kuhesabu migomba.

"Yuko hewani?" mama akauliza.

"Yuko, mama. Anasikia."

Kokuberwa akainuka, akaipa simu mgongo kama ipasavyo, akasema akielekea migombani. "Umutesi, mwambie viatu atavikuta nje ya mlango. Cha kulia asikivae kabla ya kutazama ndani. Kutakuwa na kahawa yake."

Akainyoosha mbeleko begani. Kisha, bila kugeuka:

"Na wewe, mtungi, njoo umenye hizi ndizi."