Harufu ya Nne

Mume wangu aliikwangua kadi kwa ukucha, akaibandika puani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha akaitupa mezani.

"Mbovu hii! Mdogo wangu anataka kuniaibisha."

Alikuwa na haki ya kufoka, maana kampuni ya kadi hizo ilikuwa yake pia. Fundi, kama nilivyozoea kumwita hata tukiwa chumbani, alikuwa seremala. Korona ilipopamba moto, watu waliacha kuagiza vitanda na makabati, karakana ikapoa. Ndipo mdogo wake, mtu wa maabara tuliyempachika jina la Profesa, alipokuja na wazo lake: kadi yenye maduara manne, kila moja na harufu yake. Unakwangua, unanusa. Usiposikia kitu, jitenge, nenda kapimwe, kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa na tabia ya kuanzia puani. Vipimo vya hospitali vilikuwa ghali na foleni zake hazina mwisho. Kadi ingeuzwa kwa bei ya kipande cha sabuni. Kilichokosekana ni mtaji.

Fundi akauza mashine yake ya randa. Nilimjia juu, nikamwambia anauza mkono wake wa kulia ili anunue makaratasi.

"Bibi wee, makaratasi haya yataokoa watu," alisema. "Na faida ikija nitanunua mashine mbili, moja yako, uwe unaipigia hiyo kelele."

Ndivyo alivyokuwa. Unampandishia sauti, yeye anakushushia utani, hasira zote zinakuishia mdomoni.

Alitoa sharti moja tu. Profesa alikuwa amechagua sabuni, ndimu na kahawa. Ya nne, alisema Fundi, iwe mbao iliyotoka kupigwa randa. "Mwekezaji naye awe na chake!" Profesa alihangaika nayo sana maabarani, lakini akaipata. Siku niliyoinusa mara ya kwanza, niliirudisha puani. Ilikuwa shingo ya mume wangu anaporudi kazini. Sikumwambia, angevimba kichwa.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa tumefungua katoni mpya iliyokuwa iende duka la dawa. Akakwangua kadi ya pili, ya tatu. Hola.

"Hebu nusa wewe. Labda mimi nina vumbi puani."

Nikanusa. Sabuni, hakuna. Ndimu, hakuna. Kahawa, hakuna. Hata mbao hakuna.

"Mbovu kweli," nikasema, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamalizia, "si nilikwambia usiuze mashine?"

Akampigia mdogo wake simu papo hapo. "Profesa, unatufilisi! Katoni nzima haina harufu! Nimenusa mimi, amenusa shemeji yako, sote hatusikii kitu!"

Profesa alifika anahema. Maskini, aliogopa mzigo umeharibika. Akasimama mlangoni, akaokota kadi moja kwenye katoni, akashusha barakoa, akakwangua duara la kwanza. Akanusa. La pili. La tatu. La nne. Halafu akaipandisha barakoa taratibu, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Kaka," alisema, "kadi ni nzima."

"Nzima wapi! Nimenusa mpaka kichwa kinaniuma, na..."

Fundi akaziangalia kadi mezani. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha tukacheka, jamani. Mungu ndiye shahidi yangu, tulicheka mpaka akaanza kukohoa.

"Umeona, mke wangu?" alisema, kifua mbele. "Kitu chetu kinafanya kazi."

Mimi ugonjwa ulinipitia kama mafua. Yeye ulimkalia kifuani. Gari la wagonjwa lilipomchukua alinipungia mkono, eti mzima, nami nikakatazwa kumfuata. Alizikwa na watu waliovaa nguo za plastiki, wasiomjua, huku mimi nimefungiwa ndani na katoni yake. Iliniuma. Bado inaniuma, na anayesema nitazoea hajui anachosema.

Nilipomaliza kujitenga, wifi yangu alikuja kunisaidia. Akafua kila nguo ya kaka yake kwa dawa kali, kwa nia njema kabisa, ugonjwa usije ukabaki. Hakuacha hata shati la kazi. Nikamshukuru. Wakati ule pua yangu isingeambulia kitu hata hivyo.

Kadi zilinunuliwa kama njugu. Harufu nazo zikaanza kunirudia, sabuni kwanza, kisha ndimu, baadaye kahawa. Kila asubuhi nilikwangua duara la nne, na kila asubuhi nilinusa karatasi tupu.

Juzi Profesa alikuja na mkataba. Kampuni kubwa inataka kununua yetu, na hisa za Fundi sasa ni zangu. Fedha za mauzo zingetosha mashine mbili, na chenji ikabaki.

"Ila, shemeji," alisema akiangalia chini, "wanataka kuitoa mbao. Wanasema wanunuzi wengi hawaitambui."

"Wakiitoa, sisaini."

"Nitawaambia nini? Hata wewe mwenyewe huisikii."

Nikachukua kadi mezani, nikakwangua kwa ukali, kumkomoa tu, nikaipeleka puani.

Alikuwepo. Shingo, kola, mikono, mzima mzima, ametoka kazini sasa hivi.

Sikupata muda wa kufikiri. Niligeuka kuelekea chumbani, nikaita kwa sauti kubwa, "Fundi! Fundi, njoo! Kadi ni nzima!"

Profesa aliuacha mkataba ukaanguka, akajifunika uso kwa viganja. Chumbani hakujibu mtu. Nami nilibaki na kadi puani, nimebana pumzi, naogopa kuitoa.