Usikanyage Majani

Jumapili baada ya ibada, saa saba na nusu, Bibi Paulina aliingia kwenye bustani ya watoto pale Korogwe mjini. Kwa mkono mmoja alimshika mjukuu wake Loyce, kwa mwingine alibeba kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Getini palikuwa na kibao kipya. Akakisoma kwa kidole: USIKANYAGE MAJANI.

Bustani nzima ilikuwa majani. Bembea zilikuwa katikati.

"Basi tusikanyage," akasema. Alikuwa mtu wa kutii kilichoandikwa.

Loyce akavua ndala, akaenda kwenye bembea bila kukanyaga. Alipita shibiri moja juu ya majani, mikono nyuma. Familia nyingine nazo zilifanya hivyohivyo. Mama Sushila wa duka la vitambaa alitandika mkeka hewani, akamimina chai, akamgombeza mumewe kwa kuning'iniza miguu chini mno.

"Utatufukuzisha, baba Sushila!"

Bibi Paulina naye alivua viatu, akasali, akasubiri. Mwili haukupanda. Akarudi kukaa kwenye saruji ya getini.

Tabu ilikuwa moja: asiyekanyaga chini hana nguvu ya kusukuma bembea. Watoto walikaa tu, bembea zimetulia kama nguo kwenye kamba.

"Bibi, njoo unisukume!" Loyce aliita. Shule zikifunguliwa mama yake angekuja kumchukua, arudi Handeni. Zilibaki Jumapili tano, pamoja na hiyo.

Gari la mkubwa wa ofisi ya bustani lilikuwa kivulini, magurudumu yote manne majanini.

"Shikamoo, bibi," alisema Sadala, mlinzi.

"Marahaba. Lile gari halikanyagi?"

"Lile limepaki, bibi."

"Na wewe?"

Sadala akaangalia buti zake. "Mimi niko kazini."

"Basi kafanyie kazi pale kwenye bembea."

Sadala akaenda, akamsukuma Loyce. Jumapili ya pili alipita palepale, na katikati ya wiki pia, maana watoto wote sasa walikuwa wanamwita. Ilipofika ya tano, palikuwa na kinjia cha udongo kutoka getini hadi kwenye bembea, upana wa buti mbili. Bibi Paulina akainama, akakipapasa. Hapakuwa na jani hata moja.

Akakifuata polepole kama anayekwenda kutoa sadaka, akamsukuma mjukuu wake mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Zaidi, bibi!"

"Zaidi ipi? Unataka ufike Dindira kule milimani?"

Jumatatu Loyce na mama yake walipanda basi la Handeni. Jumanne ofisi ilipanda majani mapya juu ya kinjia, ikakipaka kibao rangi. Gari halikusogezwa.

Jumapili iliyofuata watoto walikuwa juu ya bembea, wametulia. Bibi Paulina alikuwa kwenye saruji na mihogo yake. Sadala alimwamkia, akaanzia getini, buti juu ya majani mapya, akaenda, akarudi.

"Likizo ya Juni si mbali," akasema.

"Kanyaga vizuri na hapo pembeni," bibi akamwambia.