Paka wa Marehemu Mama

Katika familia ya fundi cherehani mmoja, hapana ya kwanza haikuwa hapana. Marehemu mama yake ndiye aliyewazoesha. Ukimwomba nauli, hapana. Ukimwomba ruhusa ya kutoka, hapana. Unamwomba tena, anaguna, anakubali, na juu yake anakuongezea. Baba alicheza naye mchezo huo miaka arobaini bila kuchoka, na watoto waliujua kabla hawajajua kusoma.

Sasa mama ana miezi miwili kaburini. Upweke ulikuwa umemwelemea mzee, na binti yake, huyo fundi, alimbembeleza weee mpaka akakubali kuhamia kwake moja kwa moja. Akafika na begi moja na kikapu. Kikapuni alikuwamo Karani, paka wa marehemu, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyokaa mezani akiwatazama wageni kana kwamba wamekuja bila barua.

Fundi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa akishona gauni la bibi harusi, satini nyeupe imejaa sebule nzima, na unyoya mmoja tu wa paka ungemletea balaa. Sababu anayo, hilo tusimnyime. Lakini moyoni alishakubali zamani.

"Wewe karibu, baba. Paka hapana."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akatua begi, akasema anarudi sasa hivi, akatoka na kikapu. Fundi akajua ndiyo yale yale: atazunguka kidogo, kisha arudi na ombi la pili. Alihamishia satini yote chumbani kwake, akaifungia kabatini. Akakunja shuka kuukuu mara nne, akalitandika chini kando ya kitanda cha baba, akatafuta na kibakuli. Alijikuta anacheka peke yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msiba.

Baada ya saa moja mzee akarudi mikono mitupu. Alieleza kwamba pale stendi mama mmoja mwenye watoto wawili alimpenda Karani, naye akampa pamoja na kikapu chake. Basi lao lilikuwa limeshaondoka. Linakwenda wapi, hakuuliza.

Fundi alitoka mbio na kandambili zake za ndani. Akawauliza wakata tiketi, akawauliza wauza maji. Mabasi sita yalikuwa yameondoka saa ile, kila moja na njia yake, na hakuna aliyekumbuka paka. Alilia palepale mbele za watu, wala hakuona haya.

Aliporudi, alimkuta baba amekaa ukingoni mwa kitanda, akiliangalia lile shuka na kibakuli. Mzee hakuhitaji kuelezwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniomba tena, baba? Si unatujua?"

"Kwa mama yako nilikuwa kwangu, mwanangu. Ningeomba hata mara kumi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hapa ni kwako. Nikaona nisianze kukusumbua siku ya kwanza."

Fundi alitaka kumwambia kwamba hapa pia ni kwake, lakini mzee alishainuka. Akamuuliza kwa adabu, kama mtu aliyefika kwa watu asiowajua, kama anaweza kwenda jikoni kunywa maji.