Jante la Lori

Katika kijiji kimoja juu ya Masereka, mashariki mwa Kongo, jante la lori, ile ringi ya chuma ya gurudumu, lililoning'inizwa uwanjani mwa shule lilifanya kazi mbili. Asubuhi liliita watoto darasani. Wapiganaji wakionekana bondeni, mlinzi aliligonga na kijiji kizima kikakimbilia msituni. Chuma kingine hakikuwepo, nani angechagua?

Vita vilipohamia kwingine, mwaka 2001, shule ikafunguliwa. Jumatatu saa mbili mkuu wa shule, Abdias, akagonga jante. Watoto waliokuwa wakicheza uwanjani wakatoweka kama vifaranga walioona mwewe. Mwalimu wao Jokébed, aliyepata kumi na saba juu ya ishirini katika saikolojia chuoni kule Butembo, alijikuta amelala katikati ya shamba la viazi, kiatu kimoja hana.

"Madame, filimbi haifike ku vilima vya mbali," Abdias alimwambia Jokébed alipopendekeza jante liachwe. "Kama Ijumaa batoto banakimbia tena, minafunga masomo mupaka mwaka kesho."

Mwaka mmoja walishaupoteza. Wa pili ungewapeleka watoto wale mashambani moja kwa moja, na Jokébed alilijua hilo, likamuuma.

Aliujua ugonjwa wenyewe kwa jina. Vitabuni mbwa husikia kengele akiletewa chakula, mwisho kengele peke yake humtoa udenda. Hapa jante lilikuja na risasi, likabaki na hofu yake. Basi alete kitu kingine badala ya risasi. Akamwomba mlinzi atangaze kijijini kwamba hatari sasa itapigiwa ngoma, kisha akateleka sufuria la viazi.

Jumanne watoto walikula viazi vya moto huku yeye akiligusa jante kwa fimbo iliyofungwa kitambaa. Jumatano alifungua kitambaa. Watoto waliendelea kutafuna. Aliyetetemeka ni yeye mwenyewe, mtaalamu.

"Madame, weye unaogopa?" aliuliza Bénite, binti wa miaka saba.

Angeweza kudanganya. "Ndiyo, niko naogopa sana."

"Basi tugonge sisi wawili. Mwenye kugonga anajua saa gani jante italia."

Jambo hilo hakuna profesa aliyemfundisha. Alhamisi waligonga pamoja, mkono juu ya mkono, hata mwili wake ukachoka kushtuka.

Ijumaa Abdias alisimama mlangoni, mikono nyuma. Jokébed alichukua nyundo peke yake, akapiga kwa nguvu zote. Watoto waligeuka, wakajipanga mistari, wakasukumana kidogo kama watoto wa popote. Alitamani kulia, akalia.

Kisha akakumbuka kina mama, ambao hawakula viazi wala kugonga. Chini ya uwanja Kavuo, mama wa Bénite, alikuwa akilima, na siku zote sauti ile ilimfanya atupe jembe. Jokébed alichungulia. Kavuo aliinua mgongo, akasikiliza kama kuna ngoma, akatazama jua.

"Saa mbili tayari?" alimwambia jirani yake. "Na miye sijamaliza ata mustari moja."

Akainama, akaendelea kulima.