Ulimi wa Jumwa

Vuli ya mwaka 1964 haikunyesha Mwangulu, na masika iliyofuata ilinyesha siku mbili tu. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Mangi akaenda kukata miwa Ramisi, akamwacha mkewe Kadzo na watoto wawili pamoja na mamake, Jumwa. Muhogo ulipokwisha, Jumwa alichukua jembe akaingia msituni kuchimba ndiga.

Ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu. Isipooshwa vya kutosha humlegeza mtu viungo, kisha humkata pumzi. Jumwa aliimenya, akaikata vipande vyembamba kama kucha, akavitia kikapuni na kukizamisha mtoni kwa siku tatu. Siku ya nne huwekwa kipande ulimini; kikiwasha, bado kina sumu. Tangu enzi za Waingereza, kila njaa ilipoingia, kijiji kizima kiliutegemea ulimi wa Jumwa.

"Sasa mwala chakula cha nguruwe?" Biasha, jirani yao, aliwauliza Jumwa na Kadzo pale mtoni huku akicheka.

"Nguruwe ana akili, mwanangu, haigusi," Jumwa alimjibu. "Ndiga yataka mtu ajuaye kupika. Ukiila kwa tui na pilipili, muhogo hutautaka tena."

Asubuhi ya siku ya nne Kadzo alikosea, akatia chumvi mara mbili katika uji wa pumba zao za mwisho. Watoto waliutema. Jumwa alimaliza bakuli lake, akajipangusa mdomo, wakaenda mtoni. Huko akaweka kipande cha ndiga ulimini.

"Tayari. Twende tukapike."

Kadzo naye akachukua kipande, akakigusisha ulimi. Ukamwasha kama umepakwa upupu.

"Mama, uji wa leo ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Una hakika?"

"Wanihoji, Kadzo?"

"Watoto waliutema kwa chumvi, mama."

Jumwa aliyatazama maji. Mto ulikuwa umebaki madimbwi, na maji yake yametuama.

"Ulimi wangu hauhisi kitu tangu homa ile ya mwezi wa tatu," alisema. "Nilidhani ladha itarudi."

Kadzo alikirudisha kikapu majini. Kwa siku mbili zaidi watoto walikunywa maji ya ukwaju. Yule mdogo aliacha kulia, na jambo hilo lilimtisha Kadzo kuliko kilio chenyewe.

Siku ya sita ulimi wa Kadzo haukuwasha. Lakini ulimi huo ulikuwa umeifanya kazi hiyo kwa siku mbili tu. Aliichemsha ndiga, akamwaga maji, akaipika tena kwa tui la nazi yao ya mwisho. Jumwa akaivuta sahani.

"Mimi kwanza. Kivuli cha paa kikifika kwenye kinu, wape watoto."

Alikula, akaegemea ukuta. Kadzo hakuondoa macho kwenye vidole vyake. Kivuli kikafika kinuni.

"Kunja ngumi, mama. Sasa simama."

Jumwa akasimama bila kushikwa mkono.

Watoto walikula, kisha Kadzo naye akala.

"Ikoje?" Jumwa aliuliza.

Kadzo alitafuna taratibu kabla ya kujibu.

"Kama njugu mawe changa. Mwishoni ina utamu kidogo."

"Ndiyo yenyewe."

Jumwa akachukua kipande kingine, akakitafuna kwa muda mrefu, akakimeza.