Nafasi Kati ya Jiko na Ukuta

Jacklyne anasema mashine ilifika Ijumaa jioni ikiwa ndani ya boksi, na Jumatatu asubuhi Marion akaambiwa apange nguo zake. Hakuna kitu kilichoibwa. Hakuna mtoto aliyeungua. Mwenye nyumba alimwita sebuleni, akamkalisha kwenye kiti kama mgeni, akamwambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba siku hizi kazi ya jikoni imepungua, kwa hivyo watajaribu kukaa bila msichana kwa muda. Marion alikuwa amefanya kazi kwa hiyo nyumba, ghorofa moja juu yetu, miaka minne.

Jacklyne ni msichana wa kazi kama mimi, mlango wake unaangaliana na wetu. Aliniambia hayo Jumamosi asubuhi tukianika nguo juu ya paa, mdomo wake umejaa vibanio.

"Ase, hiyo airfryer si ya viazi peke yake. Inachoma kuku, inachoma samaki, inaoka keki. Unaweka, unabonyeza, unaenda kuoga. Inajizima yenyewe. Sasa wewe utakuwa hapo jikoni ukifanya nini, kuipigia makofi?"

"Na nguo nani atafua?"

"Kuna mama wa kufua, anakuja mara mbili kwa wiki. Hali kwako, halali kwako, akimaliza anaenda zake."

"Marion alikwambia hayo mwenyewe?"

"Nilisikia kwa soja wa geti. Lakini begi lake si uliliona likishuka ngazi? Uliliona likirudi?"

Sikuwa nimeliona likirudi.

Najua Jacklyne hutia chumvi. Ukimpa habari ya mtu kukohoa, ikifika geti mtu huyo yuko hospitali. Siku nyingine ningecheka. Lakini mchana huo huo mimi na Mama Sydney tulikuwa tunaenda kuchagua airfryer yetu.

Nimekaa kwa Mama Sydney hapa Umoja miaka sita. Nilikuja nikiwa na miaka kumi na minane, na cheti cha darasa la nane ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza. Sina kazi nyingine, sina chumba kingine Nairobi. Mamangu kule Butere anakula kwa hii kazi. Habari ya mashine ilianza pale daktari alipomwambia Baba Sydney aachane na vitu vya kukaangwa. Mama Sydney akasema tutafute ile inayokaanga kwa hewa ya moto. Akaniambia, "Asenath, hii jikoni unaijua kuliko mimi. Pima nafasi, Jumamosi twende sokoni Mutindwa tuchague."

Nilifurahi siku hiyo. Kisha Jumanne, nikipangusa kioo cha dirisha la sebule, nilimsikia akiongea na simu chumbani. Alisema, "Tukishanunua hiyo kitu, ndio tutaona mambo ya Asenath." Baada ya hapo alifunga mlango. Mambo gani, sikusikia. Nilikaa nayo siku nne bila kuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza haraka. Naangalia kwanza.

Nafasi nilikuwa nimeipima Alhamisi. Babangu ni fundi wa milango, na sijawahi kumwona akiwa na futi mkononi. Hupima kwa uzi. Fundo moja la upana, mafundo mawili yaliyokaribiana ya urefu wa kwenda juu, na uzi ukiingia mfukoni mlango umeingia mfukoni. Mimi pia nilifanya hivyo. Nikachukua uzi mweupe wa kushonea magunia, nikapima kati ya jiko la gesi na ukuta, mahali pekee jikoni penye soketi isiyo na kitu. Nikafunga fundo la upana. Halafu nikapima kutoka juu ya meza hadi chini ya kabati, nikafunga yale mawili.

Jumamosi, niliposhuka kutoka kwa paa na beseni tupu, niliingia jikoni nikafunga mlango. Nikafungua lile fundo moja. Lilikuwa limekaza, nilitumia meno. Kisha nikalifunga upya, vidole vinne nyuma.

Dukani tulimkuta muuzaji anaitwa Kimani, kijana mwenye maneno mengi na tai fupi.

"Karibuni warembo. Nyumbani mko wangapi, nijue nitawaonyesha gani?"

"Watano," Mama Sydney akasema.

Nilihesabu kimoyomoyo. Yeye, Baba Sydney, Sydney, mapacha wawili. Watano. Mimi ndiye wa sita. Akinituma mandazi huniambia leta ya watu sita, sijawahi kumsikia akikosea. Nilishika kile kiuzi mfukoni.

Kimani akaweka mashine mbili mezani. Ndogo ilikuwa ya mviringo, na droo moja ambayo ungeweka mapaja manne ya kuku, matano ukiyabana. Kubwa ilikuwa na droo mbili, pana kama televisheni ya zamani.

"Hii ndogo ni ya bachela," Kimani akasema. "Hii kubwa ndio ya mama mwenye boma. Upande huu kuku, upande huu viazi, vyote vinaiva pamoja. Hata msichana wa kazi utamsahau."

Mama Sydney akacheka. Mimi nikavuta droo ya kubwa, nikapitisha ukucha ndani kuona kama rangi inabanduka. Haikubanduka. Nikageuza nyuma nisome wati.

"Eh, siste, wewe ni wa stima?" Kimani akaniuliza.

"Ni wa jikoni."

Ukweli ni kwamba ile kubwa ilikuwa nzuri. Kama nisingekuwa na kitu moyoni ningemwambia achukue hiyo. Mbavu za mbuzi ambazo Baba Sydney hununua Kiamaiko zingelala kwa droo moja bila kukunjwa. Ndogo ningeipakia mara tatu ndio watu washibe, na wa mwisho akila, wa kwanza ashalala njaa tena. Nililiona hilo kwa mara moja. Ndiyo maana niliitaka ndogo.

"Naona hii ndogo itatosha," nikasema.

"Itatosha nani, Asenath? Wewe unawajua hawa watoto." Akanyoosha mkono. "Lete huo uzi."

Nikampa. Kimani akaangalia, akacheka hadi akashika meza. "Madam, unapima airfryer ama unapimia mtu suti?"

Mama Sydney akaweka mwanzo wa uzi kwenye kona ya mashine kubwa, akavuta hadi kona ya pili. Mashine ilipita fundo. Akarudia, polepole, akakaza uzi vizuri. Ikapita tena, vidole vinne. Nilihisi jasho likishuka katikati ya mgongo, na feni ya duka ilikuwa imenielekea mimi.

"Haiingii," nikasema.

"Haiingii," akasema naye. Alisimama ameshika kiuno akifikiria. Nilidhani imeisha. Nilikuwa hata nimeanza kumwangalia Kimani nimwambie afunge ile ndogo.

"Basi tutatoa jiko," Mama Sydney akasema.

"Jiko gani?"

"La gesi. Si mamangu amekuwa akiliulizia? Tutampelekea. Hii inakaa pale jiko lilikuwa, mambo yameisha."

"Watu wengi wanafanya hivyo madam," Kimani akaingilia. "Unabaki na kale kameko, kale ka mtungi mdogo wa gesi, ka chai."

"Na chapati?" nikauliza. "Na maharagwe?"

"Chapati zinauzwa pale chini. Maharagwe nitachemsha Jumapili, niweke kwa friji."

Atachemsha yeye. Niliona jikoni yetu bila jiko, na meza imepanguswa, na hakuna mtu amesimama hapo. Hata Jacklyne kwa chumvi yake yote hakuwa amefika huko. Na si mashine ilikuwa inatoa hilo jiko. Ni mimi, na meno yangu.

Mama Sydney alikuwa ameshafungua mkoba.

"Usitoe jiko," nikasema. "Nafasi inatosha."

"Si tumepima sasa hivi?"

"Fundo nililisogeza."

Kimani akachukua kitambaa akaanza kupangusa mashine ambayo haikuwa na vumbi. Mama Sydney aliangalia uzi mkononi mwake, kisha akaniangalia mimi.

"Ulilisogeza kwa nini?"

"Nilitaka uchukue ndogo."

"Nauliza kwa nini, Asenath."

"Marion wa juu walimfukuza mashine ilipofika."

"Nani amekwambia?"

"Watu."

"Watu gani?" Sikumtaja Jacklyne. Akatikisa kichwa. "Miaka sita. Watoto nakuachia, funguo nakuachia, halafu unanidanganya na kipande cha uzi? Mbele ya watu?"

"Nisamehe."

"Hukuweza kuniuliza?"

"Niliogopa."

"Mimi naogopwa? Nimewahi kukupigia kelele?"

Hajawahi, na nilimwambia hivyo. Ni mtu mpole. Lakini hata yule aliyemkalisha Marion sebuleni alikuwa mpole, na hilo ndilo nililoshindwa kulimeza. Kama ningenyamaza tena, tungebeba boksi hadi nyumbani na mimi ningeanza kuhesabu siku za kufika Jumatatu.

"Ndio nakuuliza sasa," nikasema. "Jumanne nilikusikia kwa simu. Ulisema mkishanunua hii ndio mtaona mambo yangu. Na leo umemwambia huyu mko watano. Kama ni kwenda nitaenda, sitalia hapa. Lakini naomba uniambie kabla hujalipa, Mama Sydney. Nabaki ama naenda?"

Kimani aliacha kupangusa. Nje mtu alikuwa anaita wateja wa viatu kwa spika, bei ile ile, tena na tena.

Mama Sydney alitoa simu kwenye mkoba kama anayetaka kulipa, akaifungua kwa kidole, akaishika hivyo mpaka kioo kikazima. Akasukuma ndani droo niliyokuwa nimeiacha wazi.

"Madam," Kimani akasema kwa sauti ya chini, "nifunge ipi?"

"Ngoja kidogo," akamwambia.

Kimani amejibiwa; langu, kama lingekuwa "unabaki", lingekuwa limeshatoka. Alikuwa anaangalia mlangoni, kule watu wanapita, na mimi namwangalia mdomo.