Wali wa Watu Wawili

Jumatatu moja ya mwaka 1981, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi mmoja magharibi ya Geita, Mwasiti alipima vikombe viwili vya mchele, akautoa mawe, akauosha na kuutia kwenye jiko dogo la umeme ambalo meneja alikuwa amempa mumewe. Lilikuwa jiko la kupika wali wa watu wawili, na nyumbani walikuwa wawili tu, kwa kuwa binti yao Zuleha alikwisha kuolewa Katoro. Swichi iliporuka alianza kupakua, na wali haukuisha mpaka sahani ya saba.

Saa saba mchana wanaume watano waliingia, wakavua mabuti barazani, wakamwamkia. Nywele zao zilikuwa zimejaa vumbi jeupe la mwamba. Mmoja alikuwa Makoye, mchimbaji aliyewahi kumletea maziwa. Waliponawa, maji yaligeuka tope, naye akawabadilishia. Alichohofia Mwasiti ni maharage, akayaongeza maji.

Hatibu, mumewe, ambaye alikuwa nyapara wa mgodi, alirudi kula kama kawaida. Aliwaona, akakaa mwisho wa mkeka bila salamu, akala macho yakiwa kwenye sahani yake. Walipoondoka, Mwasiti alimuuliza, naye akaeleza kwa sauti ya chini. Wiki tatu nyuma shimo namba nne liliporomoka, watu watano wakabaki chini. Siku ya pili meneja aliamuru mdomo wa shimo umwagiwe zege ili kazi ya shimo jirani, namba tano, isisimame, na Hatibu ndiye aliyesimamia. Ofisini wale watano wakaandikwa watoro. Jiko lilikuja wiki hiyohiyo.

"Walikuwa hai, Baba Zuleha?"

"Walikuwa wanagonga bomba."

Wakawa wanakuja kila siku. Mwasiti alimwendea Klara, mke wa Makoye, aliyekuwa ameambiwa kwamba mumewe ametoroka na mwanamke mwingine kwenda Masumbwe. Klara alikuja, akaketi kando ya mumewe, akamfuta vumbi masikioni kwa ncha ya kanga. Kesho yake alikwenda ofisini kudai shimo lifunguliwe. Karani alimsikiliza vizuri, kisha akamuuliza kama Makoye anakula. Klara akajibu kwamba anakula, na huomba kuongezwa. Karani akamweleza kuwa marehemu hali. Basi Makoye yu hai, na aliye hai asipofika kazini ni mtoro.

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, vikombe viwili vilevile vilitoa sahani tisa. Mwasiti alizifunika kwa kawa, akafunga mlango, akamfuata Hatibu mgodini.

"Leo zimeongezeka mbili," alimwambia.

Hatibu hakuuliza mbili za nini. Alikwenda kwa meneja, akaomba mtu yeyote asiteremke shimo namba tano. Meneja hakucheka wala hakukasirika. Alisema magogo ya kushikilia mwamba ni mapya, na kama nyapara ana wasiwasi, achukue watu wawili ateremke nao akague mwenyewe. Hatibu alitoka, akamwambia mkewe arudi nyumbani.

"Kataa," alisema Mwasiti.

"Nilitakiwa kukataa siku ya zege," alijibu Hatibu. Kisha akawaita Onesmo na Jilala, kwa sababu ndio waliokuwa wamesimama karibu.

Kabla ya saa saba ardhi ilitikisika kidogo, vikombe vikagongana kabatini. Mwasiti akateka maji mengi kuliko siku zote.

Waliingia wanaume wanane. Onesmo na Jilala walikuwa wageni, Makoye akawaonyesha pa kukaa. Hatibu alikaa palepale pake, na sahani yake ilikuwapo. Wali uliwatosha wote.

Walipokuwa bado wanakula, karani alifika kwa baiskeli na barua. Aliisoma kwa sauti: Hatibu ameacha kazi bila ruhusa, nyumba irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Hatibu alifuta vidole, akatia sahihi ya kuipokea. Karani alipuliza vumbi kwenye karatasi, akaaga.

Barabarani lilipita lori la saruji kuelekea shimo namba tano. Onesmo alilisikiliza mpaka mlio ukaisha, akaomba chumvi.